Nungunungu Wetu Hayuko Kwenye Ramani

Baba Njoki, amani ya Bwana iwe nanyi huko Othaya.

Huku Doldol ni upepo na vumbi, na chai ya maziwa ya ngamia bado inanishinda. Hawa watafiti ninaowapikia wanachora ramani ya kukisia wanyama wanaishi wapi. Kwetu wamepaacha peupe, ati hakuna nungunungu! Nikawauliza, “Na viazi vyetu vinaliwa na nani?” Mkubwa wao akacheka: “Mama, lete mwiba wake, nitaweka alama.”

Basi nitumie mwiba mmoja, na ule mtego uliomtegea shambani uutegue, asije akafa alama ikawa uongo. Asubuhi naomba peke yangu mbele ya hiyo ramani. Nikifumbua macho, nataka nione nyumbani.

Mungu awafunike.
Mama Njoki