Wito wa Ng'ombe Aliyepotea

Bollnäs,
Hälsingland.

19 Novemba 1961

Mpendwa Kaka Halvar,

Pokea salamu kutoka jikoni kwa Mama, maana leo ndipo pekee penye joto. Hujambo wewe, na wifi hajambo? Lile goti lililokusumbua tangu masika linaendeleaje? Na theluji ya huko Minnesota, imeshaanguka au bado inawachungulia? Sisi hatujambo. Mama ametimiza miaka themanini na moja. Anasikia anachotaka, na asichokitaka hakisikii.

Paa la ghala limezibwa hatimaye. Shamba la viazi tumemwachia jirani, kwani mgongo wangu umegoma.

Sasa nikupe lililonishikisha kalamu, maana nina swali ambalo ni wewe tu unayeweza kulijibu.

Unajua ndugu yetu Sixten hajakanyaga hapa tangu mwaka 1940. Wewe ulikuwa umeshakwenda Marekani, ukasimuliwa tu: kijana wa miaka kumi na tisa, mpiga kinanda wa kanisa letu, sikukuu ya mavuno, akauchezesha wimbo wa kufunga ibada hadi miguu ya vijana ikaanza kutikisika chini ya viti. Baba aliinamisha kichwa. Mama alisimama akatoka nje, na tulipofika nyumbani akamwambia, "Ukishaona haya, ndipo urudi." Sixten hakuona haya. Alipanda treni ya Stockholm, akawa mpiga piano wa jazi, na sasa anajulikana hadi Kopenhageni. Kila Krismasi anamtumia Mama kahawa kwa posta. Mama huinywa yote, ila jina la aliyeituma halitaji. Redio ikipiga jazi, hukumbuka ghafla kwamba kuna maji ya kumwaga nje.

Mwezi uliopita nilinunua santuri yake mpya. Yuko peke yake na piano, na nyimbo ni zile za zamani za huku kwetu, amezitia jazi kidogokidogo kama anayetia chumvi kwenye mboga ya mwenzake. Nikajiuliza: Mama akiisikiliza bila kujua ni ya nani, atasemaje? Udadisi wangu unaujua, ndio ulionivunja jino nikiwa na miaka saba. Basi Alhamisi, saa ya kahawa, nikaandaa mikate ya iliki, nikaweka santuri, na jalada lake nikalificha chini ya kitambaa cha mkate.

Wimbo wa kwanza, Mama alitafuna tu. Wa pili akaomba sukari. Wa tatu ulianza kwa mkono wa kulia peke yake, sauti moja ya juu ikipanda, ikikatika, ikipanda tena. Mama akaweka kikombe chini.

"Nani kapoteza ng'ombe?"

"Mama, hiyo ni piano tu."

"Usinifundishe kazi, Dagny. Nimekaa malishoni kule mlimani viangazi kumi na sita, nikiita ng'ombe kwa sauti. Huo siyo wito wa kuwarudisha wakakamuliwe. Huo ni wa kuwaambia kambi ya jirani kwamba mmoja hayupo. Nani anapiga?"

"Unamjua."

Alisikiliza mpaka upande ule wa santuri ukaisha. Nilidhani atakwenda kumwaga maji. Badala yake akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kapotelewa na nini mtoto huyu?"

Nililia, Halvar, na sioni aibu kukuandikia.

Nikapiga simu Stockholm. Nilimuuliza Sixten kuhusu wimbo ule wa tatu kabla hata ya salamu. Akasema ulimjia vidoleni wenyewe, miaka mingi sasa, kila anapochoka.

"Ni ule wa kuwarudisha nyumbani, siyo?"

"Mama anasema siyo. Anasema ni wa kupotelewa."

"Mama kasikia?"

Kabla sijamjibu, Mama alinipokonya simu. Unajua anavyoiogopa, huishika kama mpini wa sufuria ya moto. Hakusalimu. Alishika mgongo wa kiti, akavuta pumzi, akaita. Aliita ule wito mwingine, wa mnyama aliyepatikana, ambao ukisikika kila aliyeko msituni huacha kutafuta. Sauti yake ilipasuka mara mbili, lakini aliufikisha mwisho. Mbwa wa jirani alibweka mpaka akachoka.

"Mama?" Nilimsikia Sixten kwa mbali. "Ni wewe?"

"Ulidhani ni ng'ombe? Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi njoo. Na kinanda cha baba yako kimeharibika sauti, usitegemee mtu akutengenezee."

Anakuja Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mama ameshaniamuru nipige deki chumba cha Sixten mara mbili. Nilimuuliza kwa utani, na ile haya aliyotakiwa kuiona kwanza? Akasema, "Nimeiona mimi."

Swali langu ni hili. Kiangazi kile ng'ombe wetu Lilja alipopotea, wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukaingia msituni na Baba kumtafuta. Mimi nilibaki huku bondeni na homa. Je, Sixten alikuwa kule kambini mlimani na Mama? Alikuwa na miaka mitano tu. Mimi nadhani alimsikia Mama akiita jioni nzima, akalala, na Lilja alipopatikana hakuna aliyemwamsha. Ndiyo maana anaujua wito wa kupotelewa tu. Mama anasema hilo halina haja tena. Mimi nataka kujua, na usiniandikie kwamba umesahau.

Nisalimie wifi, na binti yako Ingalill, umwambie soksi zake ziko njiani. Shangazi Hulda anakusalimu, naye bado anashinda karata kwa wizi. Mungu awakinge na baridi na awape mwaka mwema.

Mama naye anakusalimu. Yuko dirishani anapiga mluzi, eti anainyoosha sauti. Amesema hajui wito wake unafika umbali gani, ila anadhani mpaka Marekani haufiki, na kwa hiyo wewe nikuandikie.

Ndimi dadako akupendaye siku zote,

Dagny