Chanjo ya Familia Nzima

Alhamisi, Rumonge. Mvua imepiga alfajiri, ikakatika saa mbili. Ziwa limetulia kuliko mimi.

Miaka ishirini na miwili redioni nimesahihisha makosa ya wengine. Wiki hii nimekosea mimi, na kosa lenyewe ni neno moja.

Jumatatu nilipata habari kwa Kifaransa: watafiti wanajaribu kutengeneza chanjo ya kumkinga mtu dhidi ya familia nzima ya virusi vya corona, hata vile ambavyo bado viko kwa wanyama. Kazi ingali maabarani. Nikaona "dhidi" ni neno zito kwa saa moja asubuhi, watu wanakunywa chai. Nikaliondoa, na virusi vikaenda nalo.

Nikasoma hewani: watafiti wanatafuta chanjo ya familia nzima.

Jana Godeliva, nesi wa kituo cha afya kule Minago, akanipigia simu. Wiki hii wanachanja watoto surua, mwisho leo saa sita mchana, kisha sanduku la baridi linarudi mjini. Watoto hawaletwi. Badala yao amekuja mzee mmoja, shati limepigwa pasi, mkononi karatasi ya daftari yenye majina kumi na manne, karibu yote ya watoto.

"Anasema yeye ni mjumbe wa familia," akaniambia. "Nimuchome yeye, dawa ifike kwa wote. Anasema weye ndiye ulitangaza."

Nikapanda pikipiki.

Mzee huyo, Ramadhani, alichaguliwa kwa kikao cha ukoo, kwa kuwa ndiye mwenye mwili mkubwa. Dawa ingepata nafasi. Nilimkuta uani kwa shemeji yake, Mama Zaina, anayeanika ndagala, dagaa wa ziwani. Nikaeleza. Surua ni surua, kila mtoto na sindano yake. Ile ya redioni ni nyingine, haijatoka, na familia inayosemwa ni ya virusi.

"Kumbe virusi nayo iko na familia," Mama Zaina akasema. "Na shati ya shemeji tumeipiga pasi bure."

Nikaendelea. Kirusi hubadilika, kinga ya zamani ikashindwa kukitambua vizuri. Watafiti wanatafuta sehemu ambazo ndugu zake wote wanafanana, zisizobadilika kirahisi. Nilitumia neno "protini" mara tatu. Mama Zaina aligeuza ndagala zake, halafu akamtazama shemeji yake kwa muda.

"Ni masikio," akasema. "Wanaume wa nyumba hii wanabadilisha shati, wanabadilisha kofia, hata bibi wanabadilisha. Masikio hapana. Ukijua masikio, hata yule hajazaliwa utamujua."

Mzee Ramadhani akayashika masikio yake. Ni makubwa kweli.

Sentensi hiyo sikuwahi kuipata mimi, na mshahara nalipwa mimi.

Leo asubuhi nilisoma masahihisho, kwa mfano wake wa masikio. "Dhidi" nimelitamka mara nne. Nikasema kosa ni langu. Kisha nikaenda Minago kungoja, maana mtoto akiugua surua kwa sababu ya uvivu wangu, hakuna masahihisho ya kumsomea.

Saa nne, hakuna mtu. Saa nne na nusu, hakuna. Godeliva alikuwa akipanga sindano ambazo alikwisha kuzipanga, na hakunitazama.

Saa tano na robo Mzee Ramadhani akatokea barabarani, shati lile lile, karatasi mkononi, nyuma yake watoto na mama zao. Majirani walipouona msururu, nao wakaleta wa kwao.

Mzee akaita majina kama mwalimu. Wa kwanza, mjukuu wake, mwenye masikio yale yale, akagoma.

"Babu aanze!"

Mzee akamgeukia Godeliva, jasho linamtoka. Godeliva akasema hii ni ya watoto tu. Sijasikia mtu akimshukuru Mungu kwa sauti kubwa namna ile.

Wa mwisho alichomwa saa sita kasoro dakika saba. Kwenye karatasi alama kumi na tatu. Jina la kumi na nne ni la mzee mwenyewe. Ameomba nalo liwekewe alama, kwa sababu ujumbe ameufikisha. Godeliva akaweka.

Nikiwasha pikipiki, Mama Zaina akapaza sauti kuniaga: "Amahoro, Dhidi!" Watoto wakalidaka, wengine machozi hayajakauka. Dhidi! Dhidi!

Nalijua jina la namna hiyo. Halitoki.

Kesho nina habari fupi ya mawese. Kabla ya kwenda hewani nitamsomea Mama Zaina.