Kurudi Juu ya Chumvi

Wendover, Utah
Agosti 1974

Kwa dada yangu mpendwa Verla,

Salamu nyingi zikufikie huko Burley, wewe na goti lako bovu na yule paka wako anayenichukia. Natumaini wote watatu mmeamka salama. Mimi mdogo wako ni mzima, isipokuwa midomo imepasuka kwa chumvi na mgongo unalalamika kama mke wa mchungaji. Mwandiko utanisamehe, unajua shuleni nilipita tu nikielekea gerejini.

Nakuandikia kukupa habari za uwanja wa chumvi, kule wanakopimana kasi za pikipiki. Najua hutaki kuzisikia. Tangu upepo ulipomwangusha na kumuua mumeo Emmett pale, hata chumvi ya mezani unaitazama kwa jicho baya. Lakini soma hadi mwisho, ndipo unitukane.

Mwaka huu nilikuwa fundi wa mpandaji mgeni, mwembamba kama spoku ya gurudumu. Thurlow wa Texas, yule ambaye tumbo lake hufika kabla yake, aliniuliza kama nimemwokota kwenye kwaya ya kanisa, maana akipiga chafya atapeperuka, pikipiki ibaki. Nilimjibu kwamba yeye angehitaji pikipiki mbili, moja ya kumbeba na nyingine ya kulivuta tumbo. Watu wakacheka. Mpandaji wetu hakugeuka, akaendelea kubandika utepe wa gundi kwenye kila upenyo wa nguo ili upepo usipate pa kushika.

Sheria unaijua, haijabadilika: unakwenda, unageuza, unarudi, kisha wanachukua wastani wa kasi zote mbili. Ukienda bila kurudi, ni kama hukukimbia. Ndiyo maana Emmett, aliyekwenda kwa kasi kuliko wote na kuanguka akirudi, jina lake halimo popote.

Asubuhi kulikuwa shwari. Mpandaji alilala kifudifudi juu ya tangi, akaufuata mstari mweusi uliochorwa juu ya chumvi mpaka akamezwa na ule mng'ao unaofanya milima ielee. Dada, nimewahi kuona wanaume wakivua nguo wabaki na kaptula ili wapunguze upepo, nimesikia majigambo ya kila aina, lakini sijaona mtu ametulia vile. Alipita penye mashine za kupimia kwa maili mia na sabini na mbili kwa saa. Thurlow akaacha kutafuna tumbaku yake.

Nilimfuata kule mwisho kwa pikapu. Upepo wa ubavuni ulikuwa umeamka, uleule wa siku ile. Nilipokuwa nikijaza tangi nilimwaga petroli kwenye kiatu changu. Nilimwambia imetosha, twende tukale, hakuna atakayetucheka. Akavua glavu, akanishika mkono, akasema taratibu:

"Mjomba, kwenda kila mtu anakwenda. Mimi nataka kurudi."

Ndiyo, Verla, umesoma sawasawa. Mjomba. Mpwa ninaye mmoja tu, na binti yako Rhoda hakuwa Boise kwenye semina ya walimu kama alivyokuambia. Pikipiki ni ileile ya baba yake. Uliniambia niiondoe machoni pako, nikaiondoa. Gereji yangu haionekani kutoka jikoni kwako.

Sasa kaa chini, mshike paka. Upepo ulimsukuma nje ya mstari, nikaona vumbi la chumvi nyuma yake limepinda. Halafu likanyooka. Alirudi, dada. Rekodi ya daraja la pikipiki kama ile sasa ni yake. Thurlow alivua kofia, akaniuliza kwa adabu kwaya hiyo inapokea wazee lini.

Walipotaka jina la kuandika, Rhoda aliwatajia mawili: lake, na la Emmett.

Jumapili tunakuja. Anakuogopa wewe kuliko upepo wote wa Utah. Pikipiki itakuwa nyuma ya pikapu, naye ataiwasha hapo uani. Ukiusikia mlio ule, usifunge pazia. Pika vile viazi vya jibini, bakuli kubwa, na chumvi usitie; bado tunayo masikioni.

Mkune paka kwa niaba yangu, kwa mbali.

Ni mimi mdogo wako asiyekufaa kitu,
Delbert