Mashine Iliyoingia Chumbani Kwako

Kaka yangu mpenzi,

Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kwanza pa kukaa. Salamu zangu nyingi. Hujambo? Kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimepungua, au bado unakifunika kwa kucheka? Mama ni mzima, ila goti linamsumbua, na linamsumbua zaidi akipanda ngazi za benki, mpaka mjomba anasema goti hilo lina akili kuliko watu wengi. Mjomba mwenyewe ni mzima wa mwili na wa mdomo. Mimi ni mzima, lakini situlii. Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena. Sasa umeme umekatika, ofisini hakuna mteja, mama ameenda kununua karatasi, na hii ndiyo nafasi yangu. Nikisikia viatu vyake naisukuma chini ya kibodi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanijua. Nasema ndiyo, hapana, sawa, halafu nampa mama. Na mama huwa ameshasogea, sikio lake limegusana na langu. Nitawezaje kukueleza habari za chumba chako huku yeye ananihemea shavuni? Ndiyo, kaka, ni habari za chumba chako. Kitanda kimetoka, mashine ya fotokopi imeingia.

Ngoja, usikasirike, nianze mwanzo.

Ile mashine ya zamani, uliyokuwa ukiipiga kofi ubavuni ndipo iteme karatasi, ilikufa msimu wa mitihani, wakati ambao shule zote za karibu hutuletea maswali ya kurudufu. Ilianza kutoa mistari myeusi katikati ya ukurasa, ikafuata harufu ya kuungua, kisha kimya. Walimu wawili watatu wakavuka barabara kwa yule jirani mwenye kibanda cha simu na fotokopi, na mama akabaki dirishani akiwahesabu wanavyovuka. Kuchapa peke yake hakulishi nyumba siku hizi, kila mtu ana kompyuta. Alisema kama hapati mashine kabla muhula haujaisha, bora ang'oe kibao cha ofisi akifanye ubao wa kukatia vitunguu.

Mjomba, kama kawaida yake, alikuja na mnada. Kuna benki ilikuwa inafunga tawi, na mashine yao ilikuwa inauzwa bei ya kutupa. Mama akamuuliza kama ni mnada uleule uliomuuzia friji inayochemsha maziwa. Mjomba akasema friji ile haikuwa mbovu, ilikuwa tu haijaelewa kazi yake. Mazungumzo ya mnada yakaishia hapo.

Akaja muuzaji wa kampuni, kijana tuliyempa jina la Tai kwa sababu tai yake ilikuwa ndefu mpaka mjomba akamwambia aiangalie isije ikapiga deki sakafu yetu. Alipendekeza tukodi. Kampuni inaleta mashine yake, inaitunza, na kila ukurasa unaotoka unahesabiwa na kulipiwa. Mama akamwambia kwa upole kwamba hawezi kukaa na mgeni anayehesabu vijiko. Basi Tai akafungua mkoba akatoa vitabu vya kampuni, vyenye picha za kung'aa, tukaambiwa tunaweza kununua kwa awamu, na fundi atakuja kila mwezi mpaka deni liishe.

Vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Unajua mama anavyopenda kunisifu mbele za watu. Alimwambia Tai kwamba binti yake anasoma lugha mbili na zote anazila kama karanga, hata kama mdomo haufungui. Nilitamani sakafu inimeze. Nikainamia kitabu, nikasoma, nikawa namfafanulia mama kwa sauti ndogo, na Tai anatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha.

Zilibaki mashine mbili. Ndogo, iliyokuwa inakaa juu ya meza, na kubwa, iliyokuwa inasimama kwa magurudumu yake. Mama alikuwa na sharti moja tu: ikae palepale ilipokaa ya zamani, mezani kando ya dirisha, ili aweze kuchukua karatasi bila kuinuka na bado aione barabara. Tukajadili, tukachagua kubwa. Malipo ya kwanza yalimaliza akiba ya mama yote, na hilo nalisema mara moja tu, maana likinirudia kichwani nasimama nazunguka nyumba.

Siku ilipoletwa, ilikwama mlangoni. Tulibomoa kaunta upande mmoja, tukaondoa meza, bado ikawa haina pa kugeukia. Ikasimama nusu ndani nusu nje, imefunikwa plastiki, mawingu yameshuka, na yule jirani wa kibanda cha simu ametoka nje kabisa, mikono kiunoni, kama anaangalia mpira. Mjomba akasema irudishwe. Tai akaikunja tai yake, akaikunjua, akasema malipo ya kwanza hayarudi. Fundi aliyekuja naye akawa anapita vyumbani, anagusa kuta kwa kiganja. Akasema mashine hii haitaki unyevu, haitaki vumbi, inataka sakafu iliyonyooka na dari. Akauliza kama hakuna chumba cha namna hiyo.

Kipo kimoja, kaka. Unajua ni kipi, maana vigae uliviweka mwenyewe na dari uliipigilia kwa mshahara wako wa kwanza. Kila mtu akatazama mlango wako. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mama aliuendea mlango. Alifungua, akaingia, akatoa shuka akalikunja vizuri kana kwamba linakwenda dukani kuuzwa. Lile shuka, kaka, alikuwa analifua kila wiki lingali safi. Kila asubuhi alikuwa anafagia chumba ambacho hakuna mguu uliokikanyaga, anafungua dirisha, anapiga mto vibao viwili vitatu, anafunga. Halafu anauliza kama umesema utakuja lini, nami nasema hukusema. Siku ile akashika godoro upande mmoja, mjomba upande wa pili, wakatoka nalo. Mvua ikaanza kunyesha mashine ikiwa imeshaingia.

Kazi imerudi, hilo nikuambie usifurahi wala usinune, ni kweli tu. Mashine inatoa pande zote mbili yenyewe, inapanga, inapiga pini. Walimu wamevuka tena barabara kurudi. Mimi ndiye ninayeiendesha nikitoka shule. Fundi alinifundisha kuitunza: rimu ya karatasi isifunguliwe mpaka inapohitajika, maana karatasi ikinyonya unyevu inakwama, ikikwama usiivute kwa hasira, fungua mlango wa pembeni, ivute taratibu kwa mikono miwili, wino wa unga utikise kabla ya kuuweka, kioo kisiguswe na maji. Aliomba kitambaa laini cha kufutia. Mama akaenda kwenye sanduku la nguo zako, akatoa shati lako la bluu, lile lililochakaa kola. Akaliangalia. Akalirudisha. Akaenda akachana gauni lake.

Na kuna jambo linanikosesha raha kuliko yote. Mama hajazoea. Akitaka kuingia kuchukua kopi, anasimama mlangoni anapiga hodi. Ndani hakuna mtu, kaka, kuna mashine. Mara ya kwanza nilidhani anatania, nikacheka. Hakucheka.

Sasa nafika penyewe.

Mwaka jana ulinipigia mchana, mama akiwa hayupo. Ukaniambia umepata kazi ya kudumu, umepanga nyumba, una mchumba huko, na hurudi tena kuishi hapa. Ukaniapisha nisimwambie mama, ati utamwambia mwenyewe kwa wakati wake. Wakati huo haujafika mpaka leo. Wewe uliniachia neno ukaenda kazini, mimi nikabaki nalo nyumba moja na mama. Nalibeba kwenye chakula, nalibeba darasani, nikimwona anapiga ule mto nataka kupiga kelele, na sauti haitoki. Ulinipa jina la Kobe kwa sababu naficha kichwa. Umesahau wanavyosema, kobe akiinama anatunga sheria.

Mashine ndogo ilikuwa inatutosha. Niliisoma vizuri. Ilikuwa inakaa mezani, na kazi yetu ingeiweza bila shida, ingekuwa tu taratibu kidogo. Lakini nilipokuwa namfafanulia mama, ya ndogo nilisoma kasoro tu, na ya kubwa nilisoma sifa tu. Vipimo vyake viliandikwa chini kabisa ya ukurasa. Usiku wa kuamkia siku ile sikuwa nimewaza lolote. Wazo lilinijia palepale, kitabu kikiwa mapajani: hii haitaenea hapa ofisini, na nyumba nzima kuna chumba kimoja tu kitakachoikubali. Mama akaniuliza, mwanangu, itakaa pale mezani? Nikaitikia kwa kichwa. Sikutamka hata neno. Aliniamini kwa kichwa changu tu.

Nilifikiri chumba kikishachukuliwa, mama atajua. Hatafagia tena, hataniuliza tena, atakaa na jambo hilo moyoni polepole bila mtu yeyote kulazimika kulisema, wala wewe wala mimi. Nilitaka mashine iseme badala yetu. Na sikufichi, kulikuwa na hasira pia. Nilitaka uje siku moja ukute huna pa kulala.

Kaka, mama hakuelewa hivyo.

Wiki hii alinikalisha, akaniambia anajua nimehuzunika kwa ajili ya chumba chako, ameniona sili vizuri. Akanifuta uso kwa kiganja. Akasema nisijali, Mungu hakuileta mashine kubwa bure, hii ndiyo itakayomjengea kaka yako chumba cha heshima, maana mwanamume mzima akirudi na mke hawezi kulala chumba cha pembeni mwa ofisi. Ameshamlipa fundi mwashi kianzio. Matofali yameshushwa uani, mjomba amepigilia vigingi na kufunga kamba, na juzi mama alilala chini ndani ya zile kamba, na goti lake hilo, kupima kama kitanda cha watu wawili kitaenea. Mjomba alicheka mpaka akakaa juu ya tofali. Mimi niliingia kwa mashine nikajifungia.

Fedha yote inayoingia inakwenda kwenye chumba hicho. Deni la mashine linasubiri, na Tai ameshapita mara moja kuulizia, kwa upole, lakini hakuwa anatabasamu. Tukishindwa kulipa, wataichukua, na matofali hayatoi kopi. Naweza kumzuia kwa sentensi moja. Nimesimama nyuma yake jikoni nikiwa nimeifungua midomo kabisa. Lakini sentensi hiyo si yangu. Ni yako, na nimechoka kukutunzia.

Kukosa kwangu nitamwambia mwenyewe, yale ya vipimo, nimeshaamua; anipige, asiniamini tena kumsomea kitu chochote mbele za watu, ni haki yake. La kwako liseme wewe. Kama umebadili nia na unarudi, rudi, nami nitaisukuma mashine hii mpaka barabarani kwa bega langu. Kama hurudi, mwambie hurudi. Atalia, najua. Lakini atalia akiwa amekaa kwenye kiti, hatakuwa amelala chini kwenye mchanga akikupimia kitanda.

Mama ndiye aliyenituma niandike barua hii. Anadhani nakuuliza jambo moja dogo tu, na nimeahidi kuuliza, basi nauliza: mwashi anaanza kujenga Jumatatu ijayo, na mama anataka kujua ungependa dirisha liangalie barabarani au uani. Usinijibu mimi. Mpigie yeye, asubuhi kabla hajaanza kazi, na kama nitapokea mimi simu nitasema ndiyo, hapana, sawa, halafu nitampa na nitatoka nje.

Nasikia viatu. Mjomba anakusalimu, anasema kiwanda kikifanya mnada umkumbuke. Msalimie wifi yangu nisiyemjua. Mwambie sina ugomvi naye. Mama anakusalimu sana, kuliko ninavyoweza kuandika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kobe