Wifi Mbovu

Jumamosi, 3 Mei

Tovuti imekamilika! Sufuria na Safari. Wiki kumi na moja nimeijenga mwenyewe, nikijifunza kwa video kila nikitoka kazini. Wageni leo: tisa. Wanne ni mimi. Mmoja ni mume wangu — nilimsimamia.

Nimepika supu ya boga, nimeipiga picha sitini na mbili. Mume wangu ameinywa ikiwa baridi, akaosha na bakuli. Ama ni mstaarabu, ama ameshazoea.

Halafu picha za milimani, zile mia nne za likizo ya mwaka jana, zimegoma kupanda. Picha moja dakika arobaini! Mtandao gani huu? Nimeandika tangazo kwenye tovuti kwa hasira. Nalinakili hapa maana limenipendeza:

“Wasomaji, samahani. Picha zitachelewa. Wifi yangu mbovu! Asubuhi tabasamu, jioni kununa. Gharama nyingi, faida hakuna. Mume wangu ndiye aliyeniletea balaa hili nyumbani. Leo nimevumilia, kesho sijiamini.”

Safi kabisa. Nimeona nina kipaji.

Jumapili, 4 Mei

Mama mkwe kapiga simu kabla sijanawa uso. Salamu ya mkato. Anataka kujua binti yake kanikosea nini mpaka nimwanike mtandaoni. Binti yupi? — nikauliza. Kwani anao wangapi! Akaanza kunisomea maneno yangu mwenyewe, polepole, kila nukta anapumua.

Hapo nikaelewa. Mungu wangu. Wifi!

Nikajieleza: si wifi mtu, mama, ni wifi mtambo. Iko ukutani. Ina taa tatu za kijani. Akasema mtambo haununi. Akasema tena, mtambo hautabasamu. Akakata.

Mume wangu kacheka mpaka kashuka kwenye kiti. Sasa kila akipita pale ukutani anausalimia mtambo: Wifi mbovu, umeamkaje?

Kisha wifi mwenyewe akapiga. Niliishika simu kwa mikono miwili. Anacheka! Wateja wake wote wamemwuliza — ni fundi cherehani, dirisha lake liko njia panda, habari zote za mji zinapita pale. Anasema nisijali, hata yeye wifi yake ni mbovu, kwa hiyo tuko sare.

Huyo ndiye yeye. Huwezi hata kumkosea ukafaidi. Akiingia mahali watu wanavuta viti. Nikiingia mimi wanauliza yeye yuko wapi. Sina wivu, naeleza tu.

Jioni mume wangu akaniuliza, kwa utani: na kama ungekuwa unamsema dada kweli, ungebadilisha neno gani? Nikajifanya natafuta mwiko.

Wageni wa lile tangazo: mia mbili na kumi na wanne. Wa supu: watatu.

Jumamosi, 10 Mei

Wifi kaja. Na yeye anataka tovuti! Ya mapishi! Na jina anataka liwe Wifi Mbovu — anasema jina limeshajulikana, litupwe kwa nini?

Nimemjengea. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ningesemaje? Saa mbili tu, kazi ikaisha. Yangu wiki kumi na moja! Barua pepe za wasomaji zitakuja kwenye anwani yangu, maana ya kwake hakumbuki hata aliifungua lini. Uso hataki uonekane, anaona haya. Mikono tu.

Picha anapiga kwa simu, pale pale dirishani kwake. Sahani anaiweka juu ya vipande vya kitambaa vilivyobaki kwa wateja. Hajui mwanga ni nini. Hajui lenzi ni nini. Habari yake ya kwanza: “Leo nimeunguza wali. Njooni muone.”

Basi waje waone.

Jumatano, 14 Mei

Wamekuja. Elfu moja na mia tatu.

Wali ulioungua!!

Mimi jana nimeoka samaki, nikampangia vipande vya limau kimoja kimoja kwa koleo ndogo ya kazini. Wageni kumi na wawili. Na leo kazini, hapo mapokezi ya kliniki, katikati ya mgonjwa na mgonjwa, namsikia daktari wa meno anacheka peke yake chumbani. Nikafikiri kuna heri. Akatoka na simu yake: hebu tazama huyu Wifi Mbovu, wewe si unapenda kupika? Utajifunza kitu.

Nikamwambia asante daktari. Nikamwita mgonjwa mwingine kwa sauti, akashtuka kama ni mimi ninayemng’oa jino.

Jumapili, 18 Mei

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nimepeleka mkate wangu wa maziwa, nimeusuka misuko mitatu. Wifi kaleta wali wenye ukoko, “ule wa kwenye simu”. Watu wamegombea ukoko! Mtu mzima, shemeji yangu mkubwa, anakwangua sufuria kwa kijiko.

Mama mkwe akasema, akimtazama bintiye: chema chajiuza. Hakuumalizia msemo. Hapakuwa na haja — kikapu cha mkate wangu kilikuwa kinazunguka meza mara ya pili.

Nyumbani nimeula mwenyewe, nimesimama. Mtamu. Mkate ni mtamu! Nani mwingine ataliandika hilo?

Ijumaa, 23 Mei

Yeye: elfu sita. Mimi: kumi na mmoja.

Jumatatu, 26 Mei

Barua pepe. Nimeisoma mara nne, chooni kliniki.

Ni meneja wa hoteli kule milimani. Ile ile! Mwaka jana nilipiga picha geti lake tu, kwa nje, maana sikuwa mgeni wao. Anamwandikia Wifi Mbovu. Wamependa tovuti, wamependa picha, wamependa “mkono wako”. Wanamwalika siku kumi mwezi wa saba: apike, apige picha, awajengee tovuti kama ile. Jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo watatafuta mwingine.

Apike. Apige picha. Ajenge tovuti.

Mambo matatu, na yote matatu ni yangu! Wifi ana moja tu, tena linaungua. Na “mkono wako” — mkono upi? Tovuti nimeijenga mimi. Rangi nimechagua mimi. Hata ule mstari mwembamba chini ya jina, nusu siku nimeuhangaikia.

Nitamwambia kesho.

Jumanne, 27 Mei

Sijamwambia.

Kaja na futi yake shingoni kunipima. Ananishonea aproni yenye mifuko miwili ya lenzi, ndani pamba, zisikwaruzike. Sikumwomba. Anasema aliniona siku ile nikiishika lenzi kwa meno huku nakoroga.

Halafu akaomba aone picha za milimani. Zote. Nikadhani utani. Mia nne, moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Mume wangu aliishia ya thelathini, akasinzia. Kwenye ile ya ukungu wifi akanisimamisha: Wifi, hapo wewe ulisimama wapi? Nikamwonyesha: juu ya jiwe, mguu mmoja hewani. Akashika kifua. Kuhusu picha hizo hakuna mtu amewahi kuniuliza mimi nilikuwa wapi.

Yeye hajawahi kupanda mlima. Cherehani haina likizo, anasema.

Akiwa anavaa viatu akauliza kama kuna barua yoyote imekuja ya tovuti. Nikasema matangazo tu. Ulimi haukukwama hata kidogo. Nimeshangaa.

Alhamisi, 29 Mei

Mama mkwe kanisifu kwa simu. Kasikia ni mimi niliyemjengea wifi tovuti. Kasema nina roho safi, amenisamehe yale ya mtambo.

Sahani yangu ya jioni nimempa mume wangu.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeomba ruhusa nusu siku. Nimesema jino. Kwa daktari wa meno! Nimekataa asilitazame, kaniangalia sana.

Saa tano na dakika ishirini. Nimeandika barua mbili. Ya kwanza ina namba ya simu ya wifi, na kwamba tovuti nitawajengea mimi nikiwa hapa hapa nyumbani, bila kwenda mlimani. Ya pili ni fupi. Inaanza: “Wifi Mbovu ni mimi.”

Wala si uongo. Mimi namwita wifi, yeye ananiita wifi. Neno halina upande.

Nimebonyeza ya pili.

Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Nikatazama ukutani — taa nyekundu! Leo! Mtandao umekatika barua ikiwa njiani. Haijaenda, haijarudi. Bado naweza kuifuta, kabla taa zote tatu hazijarudi kijani. Kidole kiko pale pale.

Ndipo nikasikia hodi. “Wifi! Hodi, wifi!”

Aproni iko mkononi mwake, imepigwa pasi. Kwa juu kaidarizi kwa uzi mwekundu: Sufuria na Safari. Mimi jina la kazi yangu sijawahi kuliona limeandikwa na mkono wa mtu mwingine. Kanivalisha, kanifunga kamba mgongoni, kanizungusha. Kasema hii ni ya safari, nikipanda tena ule mlima nisimame kwa miguu yote miwili.

Saa tano na dakika hamsini. Nimemwambia nasubiri mtandao urudi; sasa yuko jikoni kwangu, anachemsha chai, kafungua kabati zote. Mimi niko mezani, aproni mwilini, naandika haya ili mikono iwe na kazi. Kiduara kinazunguka. Taa ya kwanza imekuwa kijani.

Anauliza sukari iko wapi. Rafu ya juu, nimemwambia.

Taa ya pili.

Anacheka peke yake huko, vijiko vinalia. Anapaza sauti: “Eti, Wifi mbovu karudi?”

Bado, nimemjibu. Ya tatu imewaka.