Nani Alikutumia?

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na wenye saa wanaokuletea utengeneze hawakusumbui. Mimi mzima, ila masomo yamenikaba koo.

Nina ombi. Mhadhiri wetu wa kompyuta ametaka kila mmoja achukue uvumi uliopita kwenye simu, aufuate nyuma mkono kwa mkono hadi kwa aliyeuanzisha pale mtaani. Nimechagua ile picha ya mende kwenye unga, iliyodaiwa ni ya Mama Mikate ikamkimbizia wateja. Darasani tumefundishwa kutafuta picha ilikotoka, na nimeipata: ni ya zamani, tena ya tanuri la watu wengine, mbali kabisa. Yule mama alisingiziwa, Baba. Naomba uwapitie majirani, uulize swali moja tu: nani alikutumia?

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo tumeshazoeana. Simu yangu ni ya kubonyeza, haijui picha, lakini miguu ninayo. Nimezunguka na daftari kama karani wa sensa. Fundi cherehani alitumiwa na kinyozi. Kinyozi alikana, akapekua simu, akanywea, akasema katumiwa na mwalimu wa chekechea. Mwalimu alitumiwa na shangazi yako. Kila mmoja anaapa alimpelekea mtu mmoja tu.

Shangazi sikumkuta, nitarudi.

Mama Mikate nilipishana naye. Tangu afunge tanuri anafua mashuka ya nyumba ya wageni. Alikuulizia. Bado anakumbuka ulivyokuwa ukiling'ang'ania lile pembe gumu la mkate, naye akikufungia kwenye gazeti.

Baba yako

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Usihangaike tena kwa Shangazi, yaliyopatikana yanatosha. Kazi nimeshaiwasilisha na nimeongoza darasa. Mhadhiri anataka kuwaonyesha na wengine. Pumzisha miguu.

Binti yako

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimeshakwenda. Shangazi yako hafuti kitu kwenye simu, hata salamu za mwaka juzi anazo. Aliteremka na kidole taratibu mpaka akaifikia. Imetoka kwako. Chini yake umeandika, "Kumbe ndiyo siri ya utamu wa Mama Mikate," na vikatuni vya kucheka.

Shangazi aliniambia, "Mimi niliamini kwa sababu aliyetuma ni mtoto anayesoma."

Nimeshinda na saa ya mtu mkononi bila kuifungua. Niambie jambo moja: kwenye kazi yako, chanzo umemwandika nani?

Baba yako

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Nilimwandika Shangazi. Nilipomsoma kwenye barua yako ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa bado sekondari, picha niliiokota kwenye ukurasa wa watu nisiowajua, nikaona ni utani. Badala ya kusema, nikakimbilia kuwasilisha kazi. Naona aibu, Baba, mpaka kuitwa binti yako naona aibu.

Wiki iliyopita nilimweleza mhadhiri. Alama amezifuta, na ameniagiza niiandike kazi upya. Nimeisoma mbele ya darasa, na sentensi ya kwanza ni "Nilikuwa mimi." Hakuna aliyecheka.

Humu ndani kuna barua ya Mama Mikate. Tafadhali msomee. Mimi sina uso wa kumtazama.

Binti yako

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na bado ni baba yako, hilo usilirudie.

Nilikwenda nayo hadi kwenye kamba anakoanika mashuka. Nikasimama hapo nikimshikia vibanio kama mjinga, na barua iko mfukoni. Sikuweza. Kwa huyu mama yote yalifika kwa kupitia mikono ya wengine, nami sitaki kuwa mkono mwingine. Nimekurudishia bahasha yake kama ilivyo.

Hajui lolote. Aliniuliza tu likizo yenu inaanza lini, nikamwambia. Akasema ataomba tanuri la jirani siku hiyo akuokee mkate, na pembe atakuwekea.

Basi hufika saa kumi. Nitakupokea, na tutapitia kwake kabla ya nyumbani. Nitakungoja nje.

Baba yako