Shingo ya Ng'ombe Chini ya Makaa

Jumamosi, 8 Machi. Asubuhi ukungu, baridi kiasi.

Kaka Jakov,

Siku tisa tangu tumzike Baba, Mama hakula, hakulala wala hakusema neno. Leo nimepanga shingo ya ng'ombe na viazi, karoti na vitunguu, nikafunika kwa kile kifuniko cha chuma na kurundika makaa juu yake. Baada ya saa moja nikataka kuchungulia.

"Wewe Tonka, koma! Ukifunua sasa tutatafuna kiatu. Shule yote ile, hujui kungoja?"

Nililia kwa kusikia sauti ya Mama, naye akaniagiza niongeze makaa. Nyama ilipolainika alikula sahani mbili, akauliza kama na wewe unakula vizuri huko Munich. Nimemjibu ndiyo, ingawa hujapiga simu.

Dada yako,
Tonka

Mama amelala saa tisa na dakika ishirini alasiri.